Kila usiku nilikuwa nahamia Svalbard

Mi ni mtu wa frigo. Siuzi, natengeneza, na zaidi ya frigo za nyumbani nashughulikia vyumba vya baridi vya depo za samaki hapa Lubumbashi, zile ambazo wamama wanafika asubuhi mapema na mabeseni kununua tomsoni kwa kartoni waende kuuza sokoni. Ndani mule ni digrii 18 chini ya ziro. Ukiingia na shati tu dakika ya kwanza ni raha, hasa mwezi wa kumi wakati joto la hapa linakupika kabla mvua haijaanza, lakini ikifika dakika ya tano vidole vinagoma, ukishika skru inanata kwenye ngozi, na nywele za puani zinakuwa ngumu sawa waya. Nimeanza na hiyo ili mjue kwamba huyu mtu aliyekaa miaka miwili anaota kwenda kuishi karibu na ncha ya kaskazini ya dunia hakuwa mtu asiyejua baridi. Baridi naijua. Ndiyo inanilipia nyumba.

Ilianza na delestaji. Umeme ulikuwa umekatika siku ya pili, bosi wa depo moja akaniomba nilale pale pale kwa sababu jenereta ilikuwa inasumbua na ndani kulikuwa na samaki wa feza nyingi, yani kama ile jenereta ikizima usiku na hakuna mtu wa kuiamsha, asubuhi tunauza supu. Basi niko kwenye kiti cha plastiki koridoni, jenereta inanguruma sikioni, moshi wa mazutu puani, kila nusu saa naenda kuangalia termomita, na katikati ya hayo nachezea telefone nisisinzie. Ikaja video ya mji mmoja mdogo wenye theluji, nyumba za mbao zimepangwa mstari sawa kalamu za rangi, nyekundu, njano, kijani, mlima mweupe nyuma, mwanga wa buluu ambao si mchana si usiku. Mtu aliyekuwa anapiga ile video haongei. Anatembea tu. Kitu pekee unasikia ni buti zake kwenye theluji, krr, krr, krr.

Niliiangalia mara nne. Si kwa ajili ya uzuri, uzuri hata hapa uko, nendeni Lofoi mkaone maji yanavyoanguka. Ilikuwa kile kimya. Ule mji ulikuwa na taa zote zinawaka na hakuna jenereta hata moja inalia.

Mji unaitwa Longyearbyen, uko kwenye visiwa vya Svalbard, digrii 78 kaskazini, vya Norwei lakini mbali juu kabisa, ukitoka Oslo ni kama saa tatu za ndege. Watu kama 2,500 hivi. Kartye yetu peke yake inawazidi. Jua linazama mwisho wa mwezi wa kumi na halirudi juu ya upeo mpaka katikati ya Februari, na hata likirudi milima inaufunika mji, kwa hiyo watu wenyewe hawalioni mpaka karibu tarehe 8 Machi. Halafu kuanzia karibu na 20 Aprili mpaka 22 Agosti halizami kabisa, saa sita ya usiku mtu anavaa miwani ya jua. Mi niliyezaliwa hapa digrii 11 kusini, ambapo jua ni sawa mwalimu mkuu, linafika karibu saa kumi na mbili na linaondoka karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, hiyo hesabu ilinikaa kichwani wiki nzima.

Kisha nikasoma neno lililonimaliza: hakuna viza.

Na ni kweli, si uongo wa mtandaoni. Tarehe 9 Februari 1920 huko Paris walisaini mkataba, Norwei wakapewa visiwa viwe vyao, lakini watu wa mataifa mengine yaliyosaini wakawa na haki ya kwenda kuvua, kuchimba na kufanya biashara sawasawa na Wanorwei, na mpaka leo Norwei haimdai mtu viza wala kibali cha makazi pale, awe wa nchi gani. Unafika, una kazi, una pa kulala, unajilipia maisha yako, unakaa. Ukishindwa kujilipia, gavana anaweza kukurudisha ulikotoka. Nilicheka kidogo nilipoisoma, juu hata sisi tulikuwa na mkataba wa mlango wazi, Berlin 1885, kila taifa lije lifanye biashara Kongo bila kikwazo, tofauti ni kwamba Svalbard hakukuwa na mwenyeji wa kuulizwa na huku tulikuwepo na hatukuulizwa. Lakini ile ni hadithi nyingine.

Kuanzia hapo nikawa na kaye. Kaye ya kawaida ya batoto wa shule, mistari, jalada la buluu. Kila usiku baada ya kula, mama Ketsia akienda kulaza batoto, mi najifanya naandika hesabu za wateja kumbe niko Longyearbyen. Nilijifunza kwamba barabara zao zina namba badala ya majina, Vei 200, Vei 500. Kwamba paka wamekatazwa, wangemaliza ndege. Kwamba nyumba zimesimama juu ya nguzo kwa sababu ardhi yao imeganda miaka na miaka, ukiweka msingi wa kawaida joto la nyumba linayeyusha chini na nyumba inazama. Kwamba ukitoka nje ya mji lazima uwe na kitu cha kumfukuza dubu mweupe, na wengi wanabeba bunduki. Kwamba paa wao wa kaskazini wenye miguu mifupi wanapita barabarani sawa mbuzi wa Katuba hapa Lubumbashi na hakuna anayewapigia honi. Kwamba ukiingia hoteli au musee unavua viatu mlangoni, desturi iliyobaki toka wakati wa wachimba makaa, vumbi jeusi lisiingie ndani.

Usiku mmoja nikasoma juu ya ile bohari ya mbegu, iliyofunguliwa 2008, imechimbwa ndani ya mlima karibu na uwanja wao wa ndege, wanaweka nakala za mbegu za dunia nzima ili nchi ikipata vita au mafuriko mbegu zake zisipotee. Unajua wanaziweka kwenye digrii ngapi? 18 chini ya ziro. Namba yangu! Namba ninayoiangalia kwenye termomita kila siku ya Mungu. Mlima wenyewe unatoa baridi ya digrii 3 au 4 tu chini ya ziro, inayobaki inatengenezwa na mashine, na mi nikasimama pale jikoni peke yangu nikasema kumbe kuko kompresa. Pakiwa na kompresa kuna siku itakufa. Ikifa watamuita nani?

Muone mtu anavyojidanganya. Nchi ambayo nje ni baridi kuliko frigo, mi najiona ndiye frigoriste wao.

Tena nikakuta kwamba IITA, ile taasisi ya kilimo ya Ibadan kule Nigeria, ilishapeleka mbegu za kunde toka mwanzo kabisa. Yani kunde za Afrika zimetangulia, zimepanda ndege, zimefika, zimepokelewa vizuri, ziko kwenye rafu na etiketi zao. Nikajisikia wivu na kunde.

Kidogo kidogo nikaanza kuongea kinorwei na wateja wangu. Mama mmoja wa Kenya, namaanisha Kenya komini yetu, si nchi, nilipomaliza frigo yake akanilipa nikamjibu «takk», akaniuliza kama niko na kikohozi.

Sasa ile ya ajensi, nitaisema haraka juu bado inaniuma. Kuna mtu aliingia kwenye grupu moja la watu wanaotafuta kazi nje, sitamtaja, anasema yuko na kontra za kiwanda cha samaki Svalbard, hakuna viza, dosie ni dola 360, nusu kwanza nusu barua ikifika. Nilitoa 180. Ilikuwa zamu yangu ya likelemba, ule mchezo wa kuchangiana feza, tulikuwa tumepanga na mama Ketsia iende kwenye bati za nyuma ya nyumba. Baada ya wiki tatu barua ikafika, ina muhuri mzuri, ina bendera, na inaandika kwamba nikishuka Oslo nitapanda treni, saa tatu, mpaka Longyearbyen.

Treni. Kwenda kisiwani.

Mtu mwingine angelipa nusu ya pili, mi sikulipa juu kila usiku nilikuwa natembea kwenye ile karte kwa kidole, hata mahali duka lao liko nilikuwa napajua, na kiwanda cha samaki sikuwahi kupita karibu nacho. Kwa hiyo ndoto yenyewe iliniokolea dola 180, baada ya kunilia dola 180 kwanza. Na jambo ambalo yule jamaa hakulisema, na wengi wanaoimba hakuna viza hakuna viza hawalisemi, ni kwamba Svalbard haina viza lakini hakuna njia ya kawaida ya kufika bila kupita Norwei, na Norwei iko Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja. Unahitaji viza ya Schengen tena ya kuingia mara mbili, juu ukipanda ndege ya Svalbard umeshatoka Schengen na siku ya kurudi unaingia upya. Ni sawa mtu akwambie chumba changu hakina mlango, ingia tu, lakini kiko ghorofa ya tatu ya nyumba yenye gadi.

Mama Ketsia aliipata ile kaye siku alikuwa anatafuta risiti ya minervali ya shule. Mi nilikuwa kazini. Niliporudi jioni nikakuta bukari imefunikwa mezani na ndagala pembeni, hakuna aliyeniita kula, na kaye iko wazi pembeni ya sahani, ukurasa wa bajeti.

Nikakaa. Nikala kidogo. Akatoka chumbani, hakupiga kelele, angepiga kelele ingekuwa afadhali.

«Papa Ketsia,» akasema, «mi nimesoma yote. Tiketi moja. Koti moja. Buti, pea moja.» Anafuata na kidole sawa mwalimu anasahihisha. «Glavu, umeandika pea mbili.»

«Pea ya pili ni kama ya kwanza ikipotea.»

«Njo vile. Glavu yako ikipotea kuko ingine. Miye na batoto hatuko hata mu glavu.»

Akaenda kulala.

Zile dola 180 hakuzitaja usiku ule na zilikuwa zimeandikwa mstari wa juu kabisa, ajensi, 180. Alizitaja siku tatu baadaye na hapo ndipo kelele zilipigwa, na bati mpaka leo hatujamaliza. Lakini mi nilibaki na ile ya glavu. Niligeuza kurasa zote mpaka usiku sana, kurasa arobaini na kitu, nilitafuta mahali hata pamoja nimeandika sisi. Hakuna. Wala sikuwa nimeamua kuwaacha, naapa, kama ungeniuliza unaenda na familia ningekujibu ndiyo bila kufikiri. Ni kwamba katika zile safari zangu zote za usiku, kutembea Vei 500, kuvua viatu, kusikiliza buti kwenye theluji, hakuna hata siku moja mtu aliniita jina langu.

Ngoja niwaeleze siku yangu. Mi ni mzaliwa wa kwanza, tuko saba. Telefone inaanza saa kumi na moja na nusu ya asubuhi. Bosi wa depo, kompresa inapiga kelele. Shangazi wa Likasi, dawa zimeisha. Mdogo wangu, kaka, mtoto amefukuzwa shule. Mteja, ile frigo umetengeneza juzi inatoa maji. Jirani, ujumbe mrefu wa Mungu na chini kabisa «usinisahau na hata elfu kumi». Kwaya, michango ya sare. Halafu shangazi tena, mtu wa pikipiki hajafika. Na ukikaa kimya nusu saa wanaanza kuuliza kama umekufa. Wote hao nawapenda, tena wengine walinibeba mgongoni, simlaumu hata mmoja. Lakini mtu akinionyesha mji ambao kelele pekee ni viatu vyako mwenyewe, mi siwezi kuona theluji, naona telefone haiiti. Nilidhani natamani baridi kumbe natamani siku mbili za kuwa mtu asiyejulikana, na kwa siku mbili huhitaji Ncha ya Kaskazini, ungeenda Kipushi tu.

Kwa mzee wangu nilienda baadaye, siku ya Mungu, jumapili, na telefone yangu, nadhani nilitaka mtu mmoja aniambie kwamba lile wazo halikuwa la kijinga kabisa. Papa alifanya kazi kwenye kampuni ya shaba miaka 36. Hana haraka. Nikamuonyesha picha, nyumba za rangi, mlima, wale paa. Akavaa miwani. Sikumwambia habari ya kaye wala ya ajensi, nilimwambia tu papa ona hii nchi.

Swali lake la kwanza halikuwa juu ya baridi.

«Nyumba ni ya nani?»

Nikamwambia nyingi ni za kampuni, au za serikali, mtu anapewa na anayemuajiri.

«Kazi ikiisha?»

«Unaachia nyumba.»

«Mmh. Na bazee beko wapi?»

Nikamwambia hakuna wazee, hakuna nyumba ya kutunza wazee, mtu akichoka anarudi bara. «Bamama banazalaka wapi?» Nikamwambia bara pia, mimba ikikaribia wiki za mwisho mama anapanda ndege anaenda kungojea kule. Na makaburi? Makaburi yapo, ya zamani, wako hata vijana saba waliokufa na mafua ya 1918, lakini sasa hivi hawaziki majeneza pale, ardhi imeganda na inarudisha juu vilivyozikwa. Kisha nikamwambia, kama kichekesho, kwamba wana kadi ya pombe, mkaaji anagongewa kadi yake kila akinunua, bia makopo 24 kwa mwezi, pombe kali na yenyewe kwa kipimo, ila divai hawaipimi juu zamani divai ilikuwa ya wakubwa na wakubwa hawapimiwi.

Hapo papa alicheka mpaka akakohoa. «Posho! Banagawia batu posho!» Akafuta macho. «Mwana wangu, ile haiko inchi. Ile ni kambi. Miye nilikaa mu kambi miaka makumi tatu na sita, weye unataka kulipa tiketi kwenda mu kambi.»

Hakujua alivyopiga mahali penyewe. Ule mji ulianzishwa 1906 na Mmarekani mmoja, John Munro Longyear, kuchimba makaa, ndiyo maana jina lake liko pale, na 1916 Wanorwei wakanunua. 1906 ni mwaka ule ule Union Minière ilianzishwa kwa ajili ya shaba ya huku kwetu, miaka minne kabla ya Lubumbashi yenyewe kuwepo. Mwaka mmoja, watu wa mbali wenye kofia wanaweka kidole kwenye karte mara mbili, mara moja kwenye barafu na mara moja kwenye udongo mwekundu, na pale pote wanajenga kitu kile kile: nyumba mstari, duka la kampuni, shule ya kampuni, hospitali ya kampuni. Kule Svalbard kampuni ilifika mpaka kuwa na noti zake yenyewe.

Na mi nilizaliwa humo. Mpaka miaka kumi na moja niliishi kwenye nyumba za mstari, sireni inalia baba zinatoka zote pamoja, sireni inalia baba zinarudi zote pamoja, unga unagawiwa siku yake, taa zinawaka na hakuna aliyejua neno delestaji. Papa alikuwa anavua buti mlangoni juu ya vumbi. Mama hakuruhusu hata mguu mmoja upite. Tulikuwa tunazibeba ndani ya ndoo kwenda kuzisafisha nyuma, zilikuwa nzito, mi na mdogo wangu tunashika kila mtu upande wake. Halafu kazi iliisha na nyumba ikaisha, kama papa alivyouliza, na hiyo sehemu sitaiandika.

Nikamuonyesha picha moja ya mwisho, Pyramiden, mji wa Warusi kwenye visiwa vile vile, makaa yaliacha kuchimbwa 1998 watu wakaondoka, majumba yamebaki. Kuna picha ya bwawa la kuogelea la ndani, vigae safi, hakuna maji. Papa aliishika ile telefone muda mrefu, akaikaribisha machoni, akaipeleka mbali. Kwenye serkle, klabu ya kambi yetu, kulikuwa na bwawa, leo wanaanikia mihogo ndani.

«Beye pia,» akasema. Akanirudishia telefone.

Sikumwambia kwamba hata Longyearbyen yenyewe mgodi wa mwisho, namba 7, ulifungwa Juni 2025. Sasa ni watalii, na chuo, na watu wa utafiti, na wafanyakazi wa hoteli, wengi Watailandi na Wafilipino, watu ambao labda na wao wana shangazi wa kwao anayepiga telefone asubuhi. Tena zile nyumba za mbao za rangi nilizozipenda, Desemba 2015 theluji ilishuka toka mlimani ikazisukuma, watu wawili walikufa. Nilikuwa najua hiyo siku zote. Nilikuwa nairuka tu, sawa mtu anavyoruka ukurasa.

Kuna kitu kimoja tu nilikijaribu kwa mwili. Mwezi wa sita mwaka jana nilipata kazi ya usiku kwenye depo, wiki mbili, naingia jua limezama natoka halijatoka, nalala mchana na pazia. Siku ya tisa nilimgombeza Ketsia kwa sababu ya kijiko. Kijiko! Wao giza lao ni zaidi ya miezi mitatu. Nawaheshimu sana.

Na mwezi wa sita na wa saba hapa, watu wa pwani hawatuamini, usiku unashuka mpaka digrii 6 au 7, asubuhi batoto wanatoa moshi mdomoni na kila mtu amezunguka mbabula, jiko la makala. Digrii 6 au 7 ndiyo Julai ya Longyearbyen, kiangazi chao, watu wanatoka na fulana wanasema leo kuko joto. Mama Ketsia nilipomwambia hivo aliniangalia tu, akaniongezea makala.

Tumepatana, ndiyo. Haikuwa siku moja. Kaye bado iko, imebaki juu ya kabati, sasa hivi upande wa nyuma inaandikwa deni za wateja kweli kweli. Alinunua glavu sokoni, zile za sufi za mitumba, pea nne, moja ndogo kabisa ya yule wa mwisho, akaziweka mezani bila kusema kitu. Mi pia sikusema kitu. Zinatumika kwenye chumba cha baridi, batoto wanaombaga kuingia dakika moja wakifunga shule.

Na telefone yangu sasa inazimwa siku ya Mungu kuanzia saa nane mpaka saa kumi na mbili. Shangazi wa Likasi alinipigia vikao viwili vya familia kwa ajili ya hiyo, bado tunaongea.

8 Machi kule Longyearbyen ni siku ya jua. Mji mzima unaenda kusimama kwenye ngazi za hospitali ya zamani, hospitali yenyewe haipo tena zimebaki ngazi, batoto wamejipaka njano usoni, wanaliita jua lirudi, mpaka mwanga ugonge zile ngazi. Na 8 Machi hapa mnajua wenyewe, wamama, vitenge, defile, jioni hakuna mwanaume anayeuliza bukari iko wapi. Mchana huo nilikuwa nyumbani na batoto, kuna mtu anaonyesha kule moja kwa moja kwa telefone yake, picha inakatika katika. Mama Ketsia akarudi na kitenge chake kipya, amechoka, miguu imevimba na vile viatu. Akavivua mlangoni. Akakaa pembeni yangu kwenye mkeka akaangalia.

«Banangojea nani?»

«Jua.»

Akaangalia tena. Batoto wa kule wanaita, mikono juu, wamefunikwa mpaka puani.

«Yule mama mwenye koti nyekundu,» akasema, «mtoto wake kofia haijamfika masikio.»

Kweli, haikuwa imefika. Miaka miwili naangalia ule mji sijawahi kuona mtoto. Tukangojea. Mwanga ulikuwa umeshafika kwenye mapaa ya nyuma, unashuka, picha ikasimama, ikazunguka, ikasimama.

«Na sasa?»

«Mega zimeisha.»

«Nunua.»

«Umeme haujarudi toka asubuhi, na betri iko kwenye 4.»

Akacheka, akanyoosha miguu juu ya magoti yangu nimkande.